Mafuta Yasiyo na Moshi

6 Mei
Sampuli imepita! Bi Henrike, mnunuzi wa Ujerumani, ameandika kwamba mafuta niliyompelekea Februari hayana mabaki ya moshi wala ukungu, na kampuni yake inataka mapipa kumi na mawili mwezi Agosti. Tangu nianze kazi hii miaka sita iliyopita sijawahi kujaza zaidi ya manne kwa msimu mmoja. Nimemtangazia kila mtu hapa mtaani Munuki, Juba, hata yule jirani muuza mkaa ambaye hakuniuliza kitu.

Nakiita kiwanda kwa majivuno. Kwa kweli ni ua wa nyumba yangu, banda la mabati, mashine moja ya kukamua na wanawake saba wa kubangua. Tunakamua lulu. Si ile ya baharini, bali kokwa za ule mti wa kwetu ambao vitabu vya Wazungu vinauita shea. Zamani tuliuza sokoni Konyokonyo, lakini losheni za makopo zimeingia kutoka kila upande na watu wanapenda kopo lenye picha. Oda hii ikifaulu, kiwanda kitaishi. Ikishindikana, nafunga. Nimeshapiga hesabu zangu zote kichwani na hakuna njia ya tatu.

9 Mei
Nimezungumza na mdogo wangu Loro, anayeendesha lori. Nimemwambia asininunulie lulu zilizokaushwa vijijini, hata akipewa bure. Mama yangu alikausha lulu juu ya jiko, kwenye kichanja, wiki tatu nzima moshi unapita. Mwanamke ambaye lulu zake hazikunuka moshi alihesabiwa mvivu. Sasa Ulaya wamepima, wakakuta moshi ule unaacha mabaki yanayoleta saratani, wakaweka kiwango, na kiwango chenyewe ni kidogo kuliko chembe ya chumvi ndani ya pipa. Kwa hiyo Loro alete lulu zilizochemshwa tu, bado hazijakaushwa, nami nitazianika hapa juani kwenye turubai, mbele ya macho yangu.

Loro akaniuliza, "Dada, na mvua je?"

Nikamjibu kwamba mvua tangu lini ikanyesha siku zote. Mimi nikijibu hivyo huwa sijui jibu.

15 Mei
Mawingu, kisha jua.

20 Mei
Loro ameshusha magunia arobaini. Harufu yake tamu, kama mkate. Tumetandaza maturubai mpaka hatuna pa kukanyaga.

Yule Nyagoa amenitia hasira tena. Ndiye mkubwa wa umri kati ya wabanguaji wangu, Mnuer, anakaa kambi ya Mangateen na mwanawe Lam. Miaka ya ukimbizini alikaa Bweyale kule Uganda na Kiswahili chake alikiokota sokoni. Mikono yake ni hodari, sikatai, lakini mdomo haupumziki, na kila asubuhi anaingia akinuka moshi wa jikoni kwake. Leo nimemsimamisha langoni nikampa gauni langu kuukuu abadilishe kabla hajagusa lulu.

"Mama Austin," akasema, maana huniita kwa jina la mwanangu, "hiyo Wazungu iko na pua refu namna gani? Mimi iko Munuki, yeye iko Ulaya, anasikia mimi nanuka?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Akavaa gauni, likambana mabegani, akafanya kazi siku nzima hivyo.

27 Mei
Nimepeleka debe moja Konyokonyo nipate ya matumizi. Mama mmoja akanusa, akanusa tena, akarudisha kifuniko. "Hii si lulu. Lulu inanuka moshi. Hii mmechanganya na kitu." Nimerudi na debe langu. Huku wananikataa kwa kuwa hakuna moshi, kule watanikataa ukiwepo. Ningekuwa na moyo wa kucheka ningecheka.

2 Juni
Jua kali. Mungu anisamehe kwa kila nililowahi kulisema juu ya jua la Juba.

8 Juni
Mapipa matatu yamejaa. Yamepangwa ukutani, nayatazama kama mtu anayetazama watoto wake wamelala. Daphine amekuja kuyaona. Huyu ni Mganda wa Mbale mwenye ofisi ya kushughulikia karatasi za mizigo kule Jebel, na bila yeye nisingejua hata fomu moja. Amezunguka mapipa akiyagonga kwa pete.

"Haya sasa mama, hii iko sawa kabisa," akasema. "Lakini unajua nini inanichekesha? Hao watu huko wanakula samaki ya moshi, nyama ya moshi, wanalipa pesa mingi. Mimi nimeona kwa hoteli. Moshi yao iko safi, yetu ndio iko na saratani."

Nikamuuliza kwa nini hatuwaambii. Akasema tutamwambia nani.

14 Juni
Mvua mchana kutwa. Tumefunika.

15 Juni
Mvua.

16 Juni
Mvua. Tulifunua saa nne, tukafunika saa tano.

17 Juni
Loro ameleta magunia sitini. Nilitaka kumwambia ageuze, lakini barabara ya nyuma yake tayari ni tope. Tumeyarundika bandani.

19 Juni
Mvua. Nimekwenda Jebel kuuliza kikaushio cha umeme. Daphine alinionyesha kimoja kwenye simu, kizuri, kinang'aa. Kukinunua ningelazimika kuuza mashine, nyumba na mimi mwenyewe, halafu nitafute umeme wa kukiendesha.

20 Juni
Mvua. Lile hema la plastiki tulilosimamisha jana limepeperushwa. Nyagoa na mwenzake walilikimbiza mpaka stendi ya boda, wakarudi nalo limechanika katikati. Walikuwa wanacheka wote wawili, wamelowa chapachapa. Nimewafokea bure.

22 Juni
Mvua ya siku ya tisa.

23 Juni
Leo lazima niandike kirefu, kwa sababu nimefanya jambo na sitaki baadaye nijidanganye nilivyolifanya.

Asubuhi nilitumbukiza mkono katikati ya rundo bandani. Kulikuwa na joto. Nikatoa kiganja cha lulu, na kwenye tatu kati ya kumi kulikuwa na unyoya mweupe wa ukungu. Ukungu nao una kiwango chake huko Ulaya, tena huo ni mbaya zaidi; ukipatikana wanaharibu mzigo wote. Nilisimama pale nikaielewa hali yangu yote. Nikikausha kwa moto, watanikataa kwa moshi. Nikingoja jua, watanikataa kwa ukungu. Aliyeweka sheria hizo mbili hakuwa na nia mbaya na mimi. Hakuwahi tu kufikiri kwamba lulu huanguka kutoka mtini katika miezi ileile mvua inapoanguka, na kwamba haijawahi kuwa vingine tangu dunia iumbwe.

Nyagoa alikuja akasimama kando yangu. Kwa mara ya kwanza hakuwa na maneno mengi.

"Inakufa," akasema.

"Naona, Mama Lam."

"Washa moto."

"Haiwezekani. Unajua haiwezekani."

"Si moto ya kuni. Moto ya kuni inaruka, inachoma. Moto ya mavi ya ng'ombe inakaa chini, taratibu, siku tatu haizimi. Kwetu ndani ya luak, nyumba ya ng'ombe, ni mimi nilikuwa naweka. Tangu mdogo. Baba yangu alisema mkono ya Nyagoa haijui kuua moto. Mimi naweza kausha hii yote. Lakini moshi iko. Sitakudanganya, moshi iko."

Nilimwacha, nikaingia ndani, nikakaa kitandani. Nikafikiri hivi: lulu safi zimeshatoa mapipa matatu, na labda nyingine za kwanza zitatoa la nne. Nikichanganya pipa moja safi na mawili ya moshi, moshi utapungua, huenda ukashuka chini ya kiwango. Huenda. Nilijua ninafikiri kama mtu anayezama. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nikajiambia, na lulu zinaoza ninapoendelea kukaa.

Nikatoka nikamwambia, "Washa."

Akaniuliza mara mbili. "Wewe unasema washa?"

"Mimi nasema washa."

Naandika hapa wazi: wazo lilikuwa lake, amri ilikuwa yangu.

25 Juni
Nyagoa ameleta samadi kavu kwa kubebesha boda tatu. Amechimba mashimo manne ya kina kidogo bandani, vichanja juu yake. Moto wenyewe hauonekani. Unafuka tu, moshi mwembamba wa buluu, na joto linapanda sawasawa. Anazunguka amechuchumaa, anagusa majivu kwa kidole, anaongeza kipande hapa, anapunguza pale. Leo hakuna aliyemwambia abadilishe nguo.

28 Juni
Mvua. Lulu zinakauka. Rangi nzuri, hakuna hata moja iliyoungua.

Nimekaa naye kwenye moshi tukanywa chai. Amenieleza jinsi moshi wa samadi unavyomkinga ng'ombe dhidi ya mbu, na jinsi watoto wanavyolala juu ya majivu ya jana yakiwa bado na uvuguvugu. Ng'ombe wao waliisha mwaka wa vita, wote, kwa siku moja. Akalisema hilo kisha akanyanyuka kugeuza kichanja. Kwa miaka miwili nimemwona mwanamke mwenye domo. Kumbe nilikuwa na fundi uani kwangu, na nilikuwa namvisha gauni linalombana.

3 Julai
Mvua, moto, chai.

11 Julai
Mapipa tisa.

19 Julai
Kumi na mawili! Wanawake wamepiga vigelegele. Nyagoa ameimba wimbo wa Kinuer ambao hatukuelewa hata neno, tukaitikia hivyohivyo. Mimi nilipiga makofi, kisha nikainamia pipa moja la mchanganyiko nikalinusa.

21 Julai
Nimetia sahihi kwa Daphine fomu inayosema mafuta haya yamekaushwa juani pekee. Daphine alinitazama. "Mama, moshi hakuna?" Nikasema hakuna. Alivuta hewa kwa pua, maana nywele zangu, nguo zangu, mimi mzima nanuka banda lile, kisha akapiga muhuri. Loro ameondoka na mapipa kwenda Mombasa kupitia Nimule. Yatangoja bandarini mpaka sampuli ya mwisho, inayokwenda kwa ndege, ipimwe.

24 Julai
Jua kali, anga safi. Sasa!

30 Julai
Hakuna habari.

2 Agosti
Hakuna habari. Nyagoa ameuliza kama Wazungu wamepokea. Nimesema bado.

5 Agosti
Barua imekuja. Mabaki ya moshi ni mara nne ya kiwango. Mara nne, hata baada ya kuchanganya. Nimeharibu na yale mapipa yaliyokuwa safi, maana sasa hakuna safi hata moja.

Bi Henrike anaandika kwa upole, na upole wake ndio unaoniumiza. Anasema anasikitika, anasema anajua hali ya hewa yetu ni ngumu. Ameambatanisha fomu. Anasema nikiijaza vizuri atawasihi wakubwa wake wanipe nafasi ya pili kwa msimu ujao. Fomu ina mistari mitatu mikubwa: chanzo cha kosa ni nini, aliyehusika ni nani, na hatua gani imechukuliwa dhidi yake.

Nimeisoma mpaka maneno yakapoteza maana. Chanzo cha kosa ni mvua. Ningeandika hivyo? Aliyehusika ni mawingu, na hatua iliyochukuliwa ni kwamba tumesali.

7 Agosti
Nimempelekea Daphine rasimu. Niliandika kwamba mvua ya siku tisa ilitulazimisha, na kwamba mimi kama mwenye kiwanda niliamua. Aliisoma akiwa anakula chapati, akaipangusa mafuta, akanirudishia.

"Hapana mama. Ukisema ni wewe, basi kiwanda yote ni mbaya. Nani atanunua kwa mtu anajua sheria halafu anavunja? Na wewe ulishatia sahihi kwa ile fomu ingine. Sema mfanyakazi. Mfanyakazi hakuelewa, mmemfukuza, kalas, imeisha. Hao watu wanataka jina. Bila jina hawasikii."

"Jina la nani?"

"Mimi najua? Nani alikuwa anawasha moto?"

8 Agosti
Nimelala na fomu mezani.

9 Agosti
Nimeandika jina lake. Jina la kwanza, jina la baba, jina la babu, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake ambacho alinipa nimtunzie kwa sababu kambini mahema huvuja. Chanzo cha kosa: mfanyakazi alikausha malighafi kwa moshi bila idhini. Hatua: ameachishwa kazi. Nimepiga picha, nimetuma. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Nilijiambia ni karatasi tu. Atajuaje? Huko hawamjui, hapa hawasomi ya huko. Lakini fomu ilisema wanaweza kupiga simu ya video kuhakikisha, kwa hiyo nikamwita kando nikamwambia kazi imepungua, apumzike nyumbani mpaka nimwite.

"Mimi peke yangu?" akauliza.

"Kwa sasa."

"Mafi mushkila," akasema. Hakuna tatizo. Akakunja lile gauni langu vizuri, akaliweka juu ya kiti, akavaa nguo zake.

Wenzake walipouliza kwa nini yeye, niliwaambia kwamba moto ule ndio ulioharibu oda, kwamba Nyagoa aliuwasha, na kwamba Wazungu walitaka jina. Sikuongeza na sikupunguza. Waliinamisha vichwa wakaendelea kuchambua. Walikuwepo siku ile, walinisikia nikisema washa. Wote sita walikuwepo.

13 Agosti
Mvua kidogo. Hakuna simu ya video.

16 Agosti
Hakuna.

18 Agosti
Mapipa bado yako Mombasa na kila siku yanayokaa pale yanalipiwa. Kazini hakuna anayezungumza. Sikujua kwamba kelele zote za banda hili zilikuwa za mtu mmoja.

23 Agosti
Bi Henrike amejibu. Ameshukuru kwa fomu, ameiita kamili na ya uwazi, na ameihifadhi kwenye kumbukumbu zao. Hata hivyo kampuni imeamua kuacha kununua kutoka nchi yetu kabisa, kwa sababu gharama ya kupima kila mzigo ni kubwa mno kwa kiasi kidogo tunachotoa. Watanunua Afrika Magharibi, ambako kuna vikaushio na maabara. Uamuzi, anasema, ulipitishwa tarehe nne.

Tarehe nne. Barua ya kwanza na fomu yake ilikuja tarehe tano. Labda yeye hakuwa ameambiwa bado. Nataka kuamini hivyo, kwa kuwa sina nguvu ya kumchukia mtu aliye mbali hivyo.

Kwa hiyo nilipokuwa naliandika lile jina, hakukuwa na mlango wowote wa kufungua.

25 Agosti
Daphine amempata mtengeneza sabuni wa Mombasa atakayechukua mapipa yote kwa kulipa deni la ghala tu. Kwetu haitabaki kitu. Mafuta yangu yatakuwa sabuni ya kipande. Daphine alishindwa kunitazama usoni, akaniambia, "Pole, mama. Mimi nilidhani jina itasaidia."

27 Agosti
Waiswa, yule Mganda anayesaga karanga, amenunua mashine. Amekuja na vijana wanne na mkokoteni. Ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka. Wanawake sita wameagana nami mmoja mmoja. Hakuna aliyelia, na hilo lilinitisha kidogo. Wamezoea mambo kwisha.

30 Agosti
Nimekwenda Mangateen. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima, tangu langoni kwangu mpaka kwenye mahema: nimefanya hivi, nisamehe.

Nyagoa alikuwa nje anapepeta mtama. Alifurahi. Alinifurahia kwelikweli, akaita majirani waje wamwone mama wa kiwanda, akamtuma Lam kutafuta sukari. Tukakaa. Kabla sijafungua kinywa akaanza yeye.

"Mimi nasikia jina yangu ilienda Ulaya."

Nikamwuliza nani alimwambia. Akasema watu. Munuki na Mangateen ni karibu, maneno hayapandi boda.

"Nilikasirika," akasema. "Sidanganyi. Nilikasirika siku tatu, sikula. Nilisema huyu mama aliniambia washa, mara mbili niliuliza, sasa anasema ni mimi. Halafu nikafikiri. Wewe uko na wanawake sita pale, wote iko na watoto. Kama wewe unaanguka, wote inaanguka. Kama jina yangu peke yake inaanguka, mimi nazeeka, mafi mushkila. Nikasema, kwes, sawa. Wacha iende." Akaacha kupepeta akanitazama. "Ilisaidia?"

Majirani walikuwa wamesimama wananitazama. Lam alikuwa anarudi na sukari kwenye karatasi. Nilimwona usoni akisubiri, hana kinyongo, kama mtu aliyetoa ng'ombe wake wa mwisho kwa mahari ya ndugu na sasa anauliza kama harusi ilifana.

Nikasema, "Ilisaidia."

Akapiga makofi. Akawageukia majirani akawaeleza kwa Kinuer, haraka haraka, akijigonga kifua, na nikasikia neno Ulaya mara tatu. Wale wanawake walinishika mikono. Nilikunywa chai yenye sukari yao yote.

Nilipoaga alinisindikiza mpaka barabarani. "Sasa imepoa," akasema. "Jumatatu mimi nakuja."

Ningeweza kusema pale. Boda ilikuwa inangoja na dereva alikuwa anapiga honi, nikaifanya hiyo kuwa sababu.

31 Agosti
Kanisani sikuweza kuimba. Njia ya mwongo ni fupi, alikuwa akisema marehemu baba. Yangu ni ya siku mbili.

1 Septemba
Amekuja saa moja kasoro, kabla ya jua kuwa kali. Amekuja na wanawake wawili wa kambi yake, wamevaa nguo zilizofuliwa, kwa kuwa aliwaambia kuna kazi. Alibisha langoni, nikafungua. Aliingia moja kwa moja mpaka bandani, akitafuta lile gauni kwanza, kisha akasimama.

Pale mashine ilipokuwa pamebaki alama ya mafuta sakafuni na matundu manne ya bolti.

"Mashine iko wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, tarehe nne na tarehe tano, sabuni, Waiswa, nikiwa nimesimama, sikujipa hata ruhusa ya kuegemea ukuta. Niliomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu chetu cha Juba asije akasema hakuelewa. Alielewa tangu mwanzo. Aliwageukia wale wanawake wawili akawaambia maneno machache na wakatoka taratibu, na mmoja alinipa langoni salamu ya heshima.

Nyagoa akakaa juu ya gunia tupu. Nilidhani atanitukana. Ningependa anitukane.

"Kwa hiyo haikusaidia kitu," akasema.

"Haikusaidia."

"Na iko huko bado?"

"Nini?"

"Jina yangu. Iko huko kwa karatasi?"

"Iko."

"Inasema mimi niliharibu."

"Ndiyo."

Akafikiri. Nje jua lilikuwa limeshika, na ua mzima ulikuwa mtupu na mkavu.

"Jina ya baba yangu iko pale pia," akasema. "Na ya babu. Wao hawakuwasha moto yako. Andika barua. Sema warudishe."

Nikamwambia kwamba Bi Henrike hajibu tena, nimeshaandika mara mbili juu ya mapipa na hajibu. Nikamwambia hata akijibu, karatasi ikishahifadhiwa huko haifutwi.

"Andika," akasema. "Mimi iko hapa naangalia."

Nimechukua daftari hili kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Amesogeza gunia lake mpaka mbele ya meza, ameweka mikono magotini na anafuata kalamu inavyokwenda. Hajui kusoma. Anadhani hii ndiyo barua, na mimi sijaweza kumwambia kwamba siyo, kwa hiyo naandika. Kila nikifika mwisho wa mstari anaitikia kwa kichwa. Sasa hivi ameniuliza kama nimefika kwenye jina lake. Nimemwambia bado kidogo.